Rivyu: kitabu kinachosema nadharia inaweza kuaminika hata kabla ya jaribio

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka zake aondoke mapema. Kitabu cha Richard Dawid kinachoitwa String Theory and the Scientific Method, cha Cambridge University Press, 2013, nakipa 3 na nusu kati ya 5. Hiyo nusu ni ya ujasiri tu. Zingefika 4 au zaidi kama mwandishi angefanya kwa upana kazi moja ambayo kwa maoni yangu ndo ilikuwa kazi yenyewe, na karibu rivyu yangu yote itazunguka hapo, kwaiyo mnivumilie, ni ndefu.

Kwa ambao hawajakisikia: Dawid alisomea fizikia ya nadharia mpaka udaktari alafu akahamia falsafa, na swali lake ni hili, ukiwa na nadharia ya kisayansi ambayo hakuna jaribio linaloweza kuifikia, si leo wala kesho, unaihukumu kwa kitu gani? Unaitupa? Unaiamini kwa vile wenye akili zao wameiamini? Au kuna njia ya katikati yenye masharti yake? Yeye anasema njia ipo, tena wanafizikia wanaitumia kila siku bila kuitaja, na kazi ya kitabu ni kuitoa hadharani tuione.

Na sio swali la kujitungia. Nadharia ya nyuzi, ile inayosema chembe zote ni vinyuzi vidogo mno vinavyotetema, inaonyesha sura yake halisi kwenye nishati ya Planck, kiwango cha juu mno cha nishati, kama GeV 10 kwa kipeo cha 19 (GeV ni kizio cha nishati ya chembe). Mashine kubwa kuliko zote tuliyonayo ya kugonganisha chembe, LHC ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, pete ya kilomita 27 chini ya ardhi, inafika TeV 13 na ushee (TeV moja ni GeV 1,000). Pengo hapo ni kama mara milioni bilioni. Hakuna mhandisi anayejua hata aanzie wapi kuliziba. Na watu wameifanyia kazi hii nadharia tangu miaka ya 1970, wamezeeka nayo, wamestaafu nayo, wanafunzi wao nao sasa ni maprofesa wenye wanafunzi, kwaiyo ukiwaambia wasubiri jaribio unawaambia wasubiri kitu ambacho huenda hata vitukuu wao hawatakiona.

Jibu la haraka ambalo kila mtu analo mdomoni ni la mwanafalsafa Karl Popper, la 1934: nadharia isiyoweza kukanushwa na majaribio sio sayansi, basi, tumemaliza. Mi napenda ukali wake, ila hapa halitufikishi mbali. Popper alikuwa anachora mpaka kati ya sayansi na kisicho sayansi, hakukupa namna ya kupanga nadharia mbili ambazo zote ziko ndani ya mpaka na zote hazijafikiwa na kipimo chochote. Chukua mionzi ya Hawking, ya 1974, ile mionzi hafifu ambayo Stephen Hawking alisema mashimo meusi yanatoa. Shimo jeusi lenye uzito wa jua letu linatakiwa liwe na joto la kama kelvini 0.00000006, wakati anga lenyewe linalolizunguka lina kelvini 2.7, yaani shimo linapokea joto zaidi kuliko linavyotoa na mnong'ono wake unamezwa wote. Hakuna aliyeupima moja kwa moja. Lakini waulize wanafizikia, karibu wote watakwambia mionzi ipo, na watashangaa kwanini unauliza. Wameamini kwa kutumia nini? Hapo ndo unaona Dawid hajauliza swali la kijinga.

Kabla sijaendelea, kuna mkanganyo naukuta kila mjadala wa haya mambo unapozuka, watu wanadhani bila jaribio maana yake bila ushahidi. Hapana. Hakuna aliyewahi kuwasha nyota maabara ili aone inavyowaka, ila wanaanga wanatazama, wanapima mwanga, wanatabiri, wanakutwa wamekosea au wamepatia. Gesi ya heli ilionekana kwenye mwanga wa jua mwaka 1868 na ikapatikana hapa duniani 1895. Huo ni ushahidi tosha kabisa. Dawid anazungumzia hali ngumu zaidi, ambayo hata kutazama hakusaidii.

Haya, vifaa vyake ni vitatu, na yeye mwenyewe anasisitiza vinafanya kazi vikishikana, kimoja kimoja ni dhaifu.

Cha kwanza ni hoja ya kukosa mbadala. Watu wametafuta nadharia nyingine inayoweza kufanya kazi hiyo hiyo, wametafuta kwa bidii miaka na miaka, hawajapata. Dawid anasema kule kukosa kwenyewe ni habari, maana kama mbadala zingekuwa zimejaa huko nje basi watu wenye vichwa vile wangekuwa wameshajikwaa kwenye mojawapo. Ukiniuliza mi hii ndo hoja bora ya kitabu kizima na sio maneno matupu, yeye na Stephan Hartmann na Jan Sprenger baadaye walichapisha makala, 2015, wakaionyesha kwa hesabu za uwezekano zile za Bayes: ukikiri kwamba hujui mbadala ziko ngapi, basi kushindwa kuzipata kunapandisha chansi ya nadharia uliyo nayo mkononi. Hesabu imekaa sawa. Ila kuna kitu hesabu haisemi, inapandisha kwa kiasi gani? Toka asilimia 10 mpaka 60, au toka 10 mpaka 10 na nukta moja? Hapo inategemea unaamini kiasi gani kwamba waliotafuta walitafuta kweli.

Na hapo ndo penye moto, kwa sababu mtafiti kijana anaenda palipo na ajira, na ajira iko kwenye nadharia ambayo tayari ina watu wengi, na watu wengi wakiwa sehemu moja sehemu nyingine zinabaki hazijachimbwa, alafu miaka 30 baadaye tunaambiwa jamani mbadala hakuna. Watasema hakuna wakati kuna graviti ya kwanta ya vitanzi, ile inayosema nafasi yenyewe imefumwa kwa vitanzi vidogo mno, ya kina Abhay Ashtekar, Carlo Rovelli na Lee Smolin tangu miaka ya 1980. Watetezi wa nyuzi wanajibu kwamba hiyo inashughulikia uvutano peke yake, nyuzi zinabeba nguvu zote kwa pamoja, hivyo sio mbadala kamili. Sawa, nakubali ni jibu, ila angalia ujanja wake: ukiandika masharti ya kazi kwa kufuata umbo la mgombea mmoja, kwa vyovyote wengine watakosa sifa.

Mfano ambao mi ningeuweka kwenye ukurasa wa kwanza ni mwanafizikia Lord Kelvin na umri wa dunia. Mwaka 1862 aliichukua dunia kama tufe lililoanza likiwa moto likawa linapoa taratibu, akapiga hesabu, akapata umri kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na kufikia 1897 alikuwa ameubana uwe kati ya milioni 20 na 40. Wanajiolojia waliona ni michache mno ukilinganisha na miamba waliyokuwa wanaisoma ila hawakuwa na fizikia ya kumjibu. Umri wenyewe tunaoujua sasa ni kama bilioni 4 na nusu. Stori inayopendwa ni kwamba alishushwa na ugunduzi wa mionzi ya urani 1896, yaani chanzo kipya cha joto ambacho hakuna aliyeweza kukifikiria, na ukiisimulia hivyo unaona kama ilikuwa bahati mbaya tu. Lakini tundu kubwa lilikuwa sehemu nyingine na lilishasemwa: John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wa Kelvin mwenyewe, aliandika 1895 kwamba kama ndani ya dunia joto linasafirishwa vizuri zaidi kuliko kwenye tabaka la juu, ile hesabu yote inabadilika na umri unaruka kuwa mkubwa sana. Mbadala ulikuwepo mezani, umeandikwa, umechapishwa. Haukusikilizwa tu. Kwaiyo mtu akiniambia mbadala hakuna, swali langu la kwanza siku hizi ni, je, hakuna au hamjampa nafasi aliye nao?

Kifaa cha pili ni maelezo yasiyotegemewa, yaani nadharia uliyoitunga kwa ajili ya tatizo moja inakuja kutatua matatizo mengine ambayo hukuwa unayafikiria kabisa. Hapa nyuzi zina stori tamu kweli. Zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, fomula ya Gabriele Veneziano ya 1968, kwa ajili ya nguvu kali inayoshika kiini cha atomu, na kwa kazi hiyo zikafeli. Moja ya kero zake ilikuwa chembe moja isiyo na masi ambayo haikutakiwa kuwepo, watu wakajaribu kuifuta wakashindwa. 1974 Joël Scherk na John Schwarz wakasema hebu tuache kuifuta, hii ina sifa zote za gravitoni, chembe ya kubeba uvutano. Nadharia iliyotungwa kwa kitu kingine ikawa imezaa graviti yenyewe bila kuombwa! Alafu 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa wakatumia nyuzi kuhesabu entropia (kwa ufupi, kipimo cha vurugu) ya aina fulani ya mashimo meusi, wakapata jibu lile lile la Bekenstein na Hawking, mpaka ile robo ya eneo la uso wa shimo. Nilivyosoma hapo nilielewa kwanini mtu anaweza kutoa maisha yake yote kwa hii kitu.

Ila tulia. Jibu la Bekenstein na Hawking lenyewe halijapimwa. Kwaiyo tumepata nadharia isiyopimwa ikikubaliana na hesabu isiyopimwa. Sio bure, kukubaliana kwa njia mbili tofauti kabisa ni dalili ya kitu, ila hakujagusa ardhi bado. Dawid anaenda haraka mno hapa, na mi ningetaka akae hata kurasa chache zaidi.

Na sasa niwape mfano ulionifanya nikate nyota. Mwaka 1867 Kelvin huyo huyo (ndiyo, yuko kila mahali, karne ile ilikuwa yake) aliona rafiki yake Peter Guthrie Tait akitengeneza pete za moshi zinazogongana na kurudiana bila kuvunjika, na Hermann von Helmholtz alikuwa ameshaonyesha 1858 kwa hesabu kwamba pete ya mzunguko kwenye kioevu kamilifu, kisicho na msuguano, haiwezi kuharibika milele. Kelvin akaunganisha: atomu ni vifundo vya mzunguko ndani ya etha, kile kitu kisichoonekana walichodhani kimejaa kila mahali na kubeba mwanga. Angalia ilivyokaa. Kwanini atomu hazivunjiki? Kwa sababu kifundo hakifunguki. Kwanini elementi ziko nyingi? Kwa sababu vifundo viko vya aina nyingi. Kwanini kila elementi inatoa mistari yake ya mwanga? Kwa sababu kila kifundo kinatetema kivyake. Matatizo matatu ambayo hayakuwa na uhusiano, ufunguo mmoja, na hakuna kupachika namba kwa mkono. James Clerk Maxwell aliisifia, J. J. Thomson akashinda Tuzo ya Adams ya 1882 kwa kazi juu ya pete hizo hizo, Tait akaanza kuorodhesha vifundo na kazi yake ikachangia kuzaa tawi zima la hisabati ambalo lipo hai mpaka leo. Maelezo yasiyotegemewa, yapo. Mbadala wa maana wa kueleza atomu wakati ule, hakuna. Waliokuwa wanaibeba, vichwa vikubwa kuliko vyote vya zama zao.

Na ilikuwa uongo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Etha yenyewe ilipata pigo kwenye jaribio la Michelson na Morley mwaka 1887 na Kelvin baadaye akaikatia tamaa nadharia yake ya vifundo.

Sasa hapo ndo kazi niliyosema mwandishi alitakiwa aifanye. Ukiwa na kipimo kipya lazima ukipime kwa vitu vilivyokufa pia. Chukua nadharia zote zilizowahi kufaulu vile vigezo vitatu kabla ya jaribio kufika, zilizopona na zilizokufa, alafu tuone kipimo kimepatia mara ngapi. Bila hivyo unakuwa kama mganga anayesifiwa na waliopona tu, waliozikwa hawaji kutoa ushuhuda.

Hilo linanileta kwenye kifaa cha tatu, na hiki ndo kinachoniumiza kichwa maana kwa lojiki ndo chenye nguvu kuliko vyote na kwa utekelezaji ndo kilicholegea. Kinasema hivi: angalia nadharia za zamani za ukoo huo huo, zilizofaulu vigezo hivyo hivyo kabla hazijapimwa, zilipopimwa zilionekanaje? Kama nyingi zilipatia basi hata hii ya sasa ina haki ya kuaminiwa kiasi. Mfano wake mkuu ni Modeli Sanifu ya fizikia ya chembe, nadharia ya chembe zote tunazozijua na nguvu zake ukiacha uvutano, na kweli rekodi yake inatisha: chembe zinazoitwa bosoni za W na Z zikapatikana CERN 1983 kama zilivyotabiriwa, chembe inayoitwa kwaki ya juu ikaonekana Fermilab 1995, na bosoni ya Higgs iliyopendekezwa 1964 ikatangazwa 4 Julai 2012, miaka 48 baadaye, ikiwa na masi ya kama GeV 125. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, kwaiyo unaweza kuhisi furaha ya kipindi kile.

Lakini Higgs ilikuwa kipande cha mwisho cha nadharia ambayo vipande vyake vingine vyote vilikuwa vimepimwa kwa maelfu ya namna. Nyuzi zinasubiri kipande cha kwanza. Kukopa heshima ya huyu umpe yule kwa vile ni wa ukoo mmoja, mi naona hapo pana mteremko.

Na ukiangalia ukoo wenyewe, ndugu wengine hawatajwi kwa sauti kubwa. Nadharia ya Howard Georgi na Sheldon Glashow ya 1974, SU(5), iliunganisha nguvu tatu (zote ukiacha uvutano) kwa uzuri ambao mpaka leo walimu wanaufundisha darasani, ikasema protoni lazima ioze, watu wakajenga matangi makubwa ya maji chini ya ardhi wakangoja. Protoni hazikuoza. Kipimo cha Super-Kamiokande cha Japani sasa kinasema protoni inaishi zaidi ya miaka 10 kwa kipeo cha 34, na ile SU(5) ya awali ilikuwa imeshakufa tangu miaka ya 1980. Supasimetri nayo, wazo kwamba kila chembe ina pacha wake ambaye hajaonekana, watu walikuwa na uhakika kwamba chembe zake zitaonekana LHC ikianza tu kugonganisha. Mpaka leo kimya. Supasimetri bado inaweza kuwepo kwenye nishati za juu zaidi, sawa, ila ule uhakika wa kabla ya mashine kuwashwa ulitoka kwenye vigezo hivi hivi vitatu, na ndio ulioanguka.

Kuna watu wawili ambao kwangu mi wanatosha kuwa sura nzima ya kitabu. Wa kwanza mwanaanga Urbain Le Verrier. Uranusi ilikuwa haifuati njia yake sawasawa, Le Verrier akasema hakuna maelezo mengine isipokuwa kuna sayari isiyoonekana inayoivuta, akapiga hesabu ya ilipo, na usiku wa 23 Septemba 1846 Johann Galle wa Berlin akaelekeza darubini akaikuta Neptuni ndani ya digrii moja ya pale alipoambiwa. Ushindi wa kalamu. Alafu 1859 akaja na tatizo la Utaridi, nayo njia yake inazunguka zaidi kidogo ya inavyotakiwa, Le Verrier akatumia mbinu ile ile, hoja ile ile, mbadala hakuna, rekodi ya mbinu ndo hiyo mmeiona juzi, kwaiyo kuna sayari karibu na jua. Ikapewa na jina, Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini akasema ameiona ikipita mbele ya jua na akapewa nishani. Le Verrier alikufa 1877 bado akiiamini. Haikuwepo. Novemba 1915 Einstein akaonyesha kwamba ule mzunguko wa ziada, sekunde 43 za tao (kipimo kidogo sana cha pembe) kwa karne, unatoka kwenye uvutano wenyewe, Newton ndiye aliyetakiwa kurekebishwa, na hilo ndo mbadala ambalo mwaka 1859 hakuna aliyekuwa na msamiati wa kulitamka.

Wa pili mwanafizikia Paul Dirac, na hii ni kali zaidi kwa sababu utabiri uliopatia na ule ambao haujapatikana vyote vimo kwenye makala moja. 1931. Humo humo anatabiri chembe pacha wa elektroni mwenye chaji kinyume, na humo humo anasema sumaku yenye ncha moja tu inaruhusiwa na kwanta, na ingeeleza kwanini chaji ya umeme inakuja kwa vipimo sawa. Carl Anderson akapata pacha huyo, positroni, mwaka uliofuata. Sumaku ya ncha moja, mpaka leo hakuna. Kifaa cha Blas Cabrera pale Stanford kilinasa alama moja tarehe 14 Februari 1982 iliyofanana nayo kabisa, watu wakaruka, haikujirudia tena. Sasa niambie, ungekuwa na vifaa vitatu vya Dawid mkononi mwaka 1931, ungewezaje kujua kwamba ile ya kwanza itaonekana mwakani na ya pili tutaitafuta zaidi ya miaka 90? Mtu yule yule, kalamu ile ile, ladha ile ile ya hisabati. Mi nimejaribu kuvitumia kwa haki na sioni vinatofautishaje.

Nimtendee haki pia Dawid, maana wengi wanaompinga hawajamsoma. Hasemi kwamba nyuzi zimethibitika kama Neptuni ilivyothibitika. Anasema vigezo vyake vinapandisha uwezekano, jaribio linabaki kuwa bosi, na hata vigezo vyenyewe mwishowe vimesimama juu ya majaribio, kwa sababu kile cha tatu kinategemea nadharia za zamani zilizopimwa kweli. Hiyo ni tofauti kubwa na watu wanaosema uzuri wa milinganyo unatosha. Tatizo ni kwamba ukishatoa ruhusa ndogo, kuna watakaoingia na lori. George Ellis na Joe Silk waliliona hilo wakaandika kwenye Nature Desemba 2014 kwamba uadilifu wa fizikia uko hatarini, na mwaka uliofuata Desemba wanafizikia na wanafalsafa wakakaa siku 3 chuo kikuu cha Ludwig Maximilian, Munich, kubishana hasa juu ya haya. Kipindi hicho hicho Joseph Polchinski, mmoja wa wakubwa wa nyuzi, alipiga hesabu ya namna hii akapata uwezekano wa asilimia 94 kwamba kuna ulimwengu mwingi na sio mmoja. 94! Sio 90, sio "zaidi ya nusu". Alifanya kwa nusu utani nadhani, ila hata utani unaonyesha mtu anakoelekea. Na kumbuka ni nadharia ambayo inakadiriwa kuwa na majibu kama 10 kwa kipeo cha 500, kila jibu ni ulimwengu wenye sheria zake, kwaiyo hata zile testi za pembeni ambazo zingeweza kuibana zinateleza, ukikosa hapa inasogea pale.

Basi nakitumiaje mi hiki kitabu? Kwa kuchagua pa kuchimba. Kama nina watafiti 10 na hela ya watafiti 10, vigezo vya Dawid vinaniambia vizuri tu niweke wangapi kwenye nyuzi na wangapi kwenye vitanzi na nani nimpe uhuru wa kwenda asikokwenda mtu, na hapo ni bora mara mia kuliko kufuata nani maarufu. Mwanafizikia Wolfgang Pauli alipopendekeza neutrino, chembe isiyoonekana ya kueleza nishati iliyokuwa kama inapotea kwenye mionzi ya beta, Desemba 1930 mwenyewe akiwa na wasiwasi, Niels Bohr alikuwa tayari kuachana na kanuni ya nishati kuhifadhiwa, yaani mbadala ulikuwepo tena wa mtu mzito, na bado watu walichagua njia ya Pauli kwa sababu za aina hii hii, wakaifanyia kazi miaka 26 mpaka Clyde Cowan na Frederick Reines walipoipata 1956. Walikuwa sahihi kuendelea nayo hata mwaka 1940. Kuamini kwamba ipo kweli mwaka 1940 ni jambo lingine na halikuhitajika ili kazi iendelee. Dawid anataka hatua hiyo ya pili pia, na mi hapo tunaachana njiani kwa amani.

Kuhusu usomaji wenyewe: kizito. Kimeandikwa kwa wanafalsafa na wanafizikia, sentensi ndefu, maneno ya kitaalamu yanarudi rudi, na kama hujawahi kukutana na Modeli Sanifu hata kwa juu juu utaumia kwenye sehemu za fizikia. Mwishoni anaingia kwenye mjadala wa uhalisia, yaani kama nadharia inaeleza ulimwengu ulivyo kweli, na kama nyuzi zinaweza kuwa nadharia ya mwisho kabisa ya fizikia, mi nilipapasa tu, hoja hapo zinaning'inia juu ya hoja nyingine zinazoning'inia. Ukiwa na muda wa sura chache soma za vigezo vitatu, alafu tafuta ile makala ya 2015 ya Bayes kama hesabu hazikutishi, ni fupi kuliko inavyosikika.

Ukishamaliza kuna mkusanyo uliotokana na ule mkutano wa Munich, Why Trust a Theory?, Cambridge tena, 2019, Dawid ni mmoja wa wahariri na bado kawaacha waliompinga wamseme wanavyotaka. Mi ningeshauri uanze na hao.